Mikono Iliyomvunja Sesilia

Jumapili, mwezi wa kumi na moja, 2014. Ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi na hautaki kuondoka. Sikwenda kanisani. Nina hasira ya siku tisa, na sikutaka kuipeleka kati ya watu walioshika rozari.

Wanaosoma humu wamezoea niandike vichekesho. Jinsi Mgogo wa Mpwapwa anavyoteleza kwenye tope jekundu la Waha. Jinsi nilivyopewa ugali wa muhogo mara ya kwanza nikauliza kama ni wa kula au wa kubandikia mabango. Leo sina utani. Kesho saa nne nimeitwa ofisi ya kata. Atakuwepo mtendaji, atakuwepo afisa ustawi wa jamii, na polisi mmoja. Wanakaa kuamua kama binti yangu Sesilia, mwenye miezi tisa, abaki kwangu au achukuliwe na kupelekwa kwa bibi yake mzaa mama, kijijini Murungu, "ambako baba hataweza kumfikia".

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika.

Wanasema nampiga.

Mtoto wa miezi tisa.

Nieleze kwa mpangilio, kwa sababu kesho nitatakiwa kueleza na mimi nikikasirika maneno yananikimbia. Shule niliacha kidato cha pili. Kuandika kunanisaidia kupanga.

Mimi napasua mawe. Nilikuja huku na kampuni ya barabara, tunachoma tairi juu ya jabali mpaka lipate moto, linapasuka, halafu tunalimalizia kwa nyundo na tindo mpaka liwe kokoto. Hapa ndipo nilipomwoa Eliza, Muha wa Murungu, na hapa ndipo alipozaliwa Sesilia. Alizaliwa na mfupa wa bega umevunjika. Mkunga alisema mtoto alikuja vibaya, inatokea. Akiwa na miezi minne, Eliza alikuwa anambadilisha nepi, akamnyanyua miguu kama kila mama anavyomnyanyua mtoto, na paja likavunjika. Kituo cha afya walimfunga na kutuambia tuwe waangalifu. Waliandika kwenye daftari lake.

Daftari lile ndilo lililoniponza.

Ijumaa ya wiki juzi nilirudi nyumbani saa saba mchana kula. Eliza alikuwa shambani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Murungu kutusaidia kulea mtoto wakati wa kupanda maharage, na ndiye aliyekuwa naye. Nilimkuta Sesilia amelala kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala upande wake kama si wa kwake. Nilipougusa alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote. Mama mkwe alisema ameamka hivyo. Nilimbeba, nikamtuma jirani akamwite Eliza, nikakimbia.

Kituo cha afya sitakitaja jina. Nesi alifungua daftari, akasoma bega, akasoma paja, akauangalia mkono. Halafu akaiangalia mikono yangu. Mikono yangu ni mibaya, najua. Ina sugu, kucha mbili zimekufa.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Napasua mawe."

Akafunga daftari.

"Mtoto wa kupigwa hatumgusi bila PF3. Nenda polisi ukalete fomu."

Nikamwambia hajapigwa. Akasema basi nenda kawaambie hao polisi. Nikamwambia mfungeni kwanza mkono, analia. Akasema, bila hata ukali, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Wote mnaowapiga huwa mnawahurumia mkishafika hapa."

Eliza alifika, nikamwachia mtoto, nikaenda kituo cha polisi. Polisi aliyekuwa zamu alinikalisha kwenye benchi. Aliuliza nakunywa nini. Nikasema sinywi. Akacheka na mwenzake. "Mgogo asiyekunywa! Huko kwenu mnachunga ng'ombe kwa fimbo, bwana, huku tunalea watoto. Umechanganya zizi na nyumba." Utani wa makabila naujua, nimetaniwa miaka yote na nimetania. Ule haukuwa utani. Alikuwa anaandika huku anacheka.

Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Mtoto wangu, mfupa umevunjika, akasubiri fomu. Niliporudi nayo, mganga alikuwa ameshaondoka, na nesi alimfunga bandeji na kipande cha boksi la sabuni.

Hilo sitalisahau. Boksi la sabuni.

Jumatatu nilirudi kazini kwa sababu usiporudi nafasi inachukuliwa. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nyapara hakunijibu salamu. Kijana mmoja akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kaka, nyundo huwa tunaiacha hapa hapa machimboni. Wewe ya kwako unakwenda nayo mpaka nyumbani?" Wakacheka. Niliweka nyundo chini ili nisiitumie.

Bazil, ambaye ni mkubwa kwetu wote na tunakula naye sahani moja, alinivuta pembeni. Nilidhani atanipa pole.

"Mimi sisemi umempiga," alisema. "Mimi nasema nilikwambia. Mke ana mimba, mume hapasui jiwe. Unapasua huku, kunapasuka kule. Ulinicheka ukasema hayo ni ya Waha."

"Ningekula nini, Bazil? Miezi tisa?"

"Wenzako walihama wakaenda kuchimba mitaro. Udongo hauna neno."

Kwa hiyo nilikuwa na hukumu mbili. Kwa serikali nimemvunja mwanangu kwa ngumi, kwa wenzangu nimemvunja kwa nyundo nikiwa mbali, kabla hajazaliwa. Sijui ipi iliniuma zaidi. Ya Bazil, nadhani. Kwa sababu ile siku nilirudi nyumbani nikamwangalia mtoto na kwa dakika chache niliiamini.

Kesho yake mwalimu mmoja wa hapa, mtu wa Singida ambaye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu, alinipa habari kwamba kuna daktari wa mifupa ya watoto amekuja Kasulu kwa siku mbili. Jumatano gari la kampuni lilikuwa linakwenda Kasulu kufuata vipuri. Dereva alitubeba mimi, Eliza na Sesilia, na hakusema neno njia nzima, ila kwenye kila shimo alipunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Mungu amwone yule dereva.

Foleni ilikuwa ndefu. Watoto wenye miguu iliyopinda, watoto wenye migongo. Mbele yetu alikuwa mama Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu na mtoto wake wa kiume, nyayo zimegeukia ndani. Alimwangalia Sesilia kwa muda, akasogea kwenye benchi.

"Papa, pita mbele. Wa kwangu hana maumivu, wa kwako iko analia."

Siku tano, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniita baba bila kuniangalia mikono.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Hakuanza na mkono. Alimlaza Sesilia, akawasha tochi ndogo, akamwangalia macho. Tangu azaliwe watu wamekuwa wakimsifia macho. Ule weupe wake si mweupe, una ubuluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Eliza alikuwa anasema ni macho ya malaika.

"Nani kati yenu ana macho haya?" daktari aliuliza.

Hatukumwelewa. Akamvuta Eliza kope la chini, akaangalia, akamwachia. Akanishika mimi kidevu kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani, akageuza uso wangu dirishani.

"Baba, wewe umewahi kuvunjika?"

Nikasema ndiyo. Mara tatu. Mguu nilianguka kutoka kwenye punda. Mkono wa kushoto, mpira shuleni. Mkono wa kulia nilipigwa na baba yangu.

Akaeleza taratibu. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mifupa inaumbwa bila nguvu yake yote, na ubuluu wa macho ni dalili mojawapo. Wachache wanao, na hata waganga wengi hawajawahi kuuona. Mzazi anaweza kuwa nao kidogo na asijue, mtoto akaupata kwa wingi. Hakuna dawa ya kuuondoa. Ipo dawa ya kupunguza kuvunjika, kwenye hospitali kubwa za mbali, na atatuandikia. Sesilia atavunjika tena, alisema, hata tukimlea ndani ya pamba. Kazi yetu ni avunjike mara chache.

Eliza alilia. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa Mpwapwa.

Nilikuwa na miaka kumi. Niliacha ndama wakaingia kwenye mtama wa watu, baba akanipiga fimbo moja ya mkono. Moja. Kila mtoto wa kijiji kile alikuwa akipigwa tano au sita akaenda kucheza. Mimi mkono ulivunjika ukaning'inia. Wajomba zangu walikuja wakanichukua, wakasema yule si mzazi, ni mnyama. Nilikaa kwa mjomba miaka miwili. Nilipewa maziwa kabla ya watoto wake mwenyewe, kwa sababu ya huruma. Baba alikuwa anakuja Jumapili, anasimama nje ya zizi, haingii. Sikutoka hata mara moja kumsalimia. Watu waliponiuliza alinipigaje, sikusema fimbo moja. Nilikaa kimya wakajaza wenyewe. Wakajaza teke, wakajaza mchi.

Alikufa mwaka juzi nikiwa huku. Niliwaambia nyumbani kwamba kampuni imeninyima ruhusa ya kwenda kuzika.

Sikuwa nimeiomba.

Sisemi alikuwa mtu mwema. Alinipiga, na mtoto hapigwi kwa sababu ya mtama. Lakini hakunivunja yeye. Nilikuwa nimekwisha kuvunjika ndani kabla hajanyanyua fimbo, na yeye akabeba jina lile mpaka kaburini peke yake. Hasira hii simpelekei mtu. Inanizunguka mwenyewe.

Daktari alimfunga Sesilia hogo dogo jeupe la plasta na kuandika karatasi. Kabla hatujatoka aliinua kwenye mwanga picha ya eksirei aliyopigwa mtoto kabla ya kufungwa.

"Mkono huu haukupigwa," alisema. "Umevutwa na kuzungushwa. Nani alikuwa naye?"

Eliza akaniangalia. Mimi nikamwangalia Eliza. Tulisema hatujui, na ilikuwa kweli.

Alhamisi niliipeleka karatasi kwa afisa ustawi wa jamii nikiwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Aliisoma mara mbili. Akasema daktari ameandika "inashukiwa", hajaandika "ni". Pili, kuumwa hakumzuii mtu kupigwa. Tatu, karatasi yenyewe inasema mkono umevutwa. "Nani aliuvuta? Mkono haujivuti." Halafu akasema ile barua ya Jumatatu mjumbe ataileta nyumbani.

Sasa nafika jana.

Jana mvua ilipiga, tairi hazikuwaka, nyapara akaturudisha saa nane. Eliza alikuwa kwenye maharage. Mama mkwe alikuwa ukumbini na mtoto kwenye mkeka. Lazima niseme jinsi mimi na mama mkwe tunavyoishi. Hatusemezani uso kwa uso. Mkwe ni heshima, kwao na kwetu pia. Hali chakula mbele yangu, simpi mkono. Tukiwa na neno tunalipitisha kwa mtoto. Wageni wakisikia wanacheka.

"Sesilia," alisema aliponiona mlangoni, "mwambie baba yako viatu abaki navyo nje, nimedeki."

Nikavua viatu.

"Sesilia, mwambie bibi yako asante kwa kudeki."

Nilikuwa napita kwenda chumbani akasema tena, chini chini.

"Sesilia, mwambie baba yako kuna neno."

Nikakaa karibu na mlango. Nikamgeuzia bega, kama inavyotakiwa.

"Mwambie bibi nasikiliza."

"Mwambie, ile Ijumaa bibi alikuogesha. Baada ya kukuogesha alikunyoosha."

Wasomaji wa mbali mnajua kunyoosha? Mtoto akishaogeshwa anapakwa mafuta, anakandwa, mikono inavutwa na kuzungushwa ili viungo vikae sawa na mtoto akue wima. Mama mkwe ndiye anayefanya hivyo kwao. Wanawake wanamletea watoto wachanga kutoka vitongoji vya mbali. Mikono yake ina sifa.

"Mwambie mkono ulilia," aliendelea. "Kiungo kikilia ndiyo kimekaa mahali pake. Bibi akafurahi. Akasema, sasa umekaa. Halafu na wewe ukalia."

Nilihisi masikio yamejaa maji.

"Sesilia, muulize bibi yako, baba alipokaa polisi yeye alikuwa wapi?"

Mvua ilipiga juu ya bati.

"Mwambie alikuwa jikoni. Alikuwa anakupikia uji."

Siku nane! Siku nane huyu mama amenichemshia maji ya kuoga. Amesikia watu wakiniita mnyama getini kwangu, akawaitikia ndiyo kwa Kiha, "ego, ego, dunia imeharibika". Alifungua mlango mwenyewe mjumbe alipoleta barua.

Nikamuuliza, kwa kupitia mtoto, kwa nini. Na hapa naandika alivyojibu, neno kwa neno, kwa sababu kesho nataka nikumbuke bila kuongeza.

"Sesilia mwana wangu, mwambie baba yako, yeye ni mtu wa barabara. Barabara ikiisha anakwenda na maneno yake yanakwenda naye. Bibi haendi popote. Watoto wa kijiji kizima wamepita kwenye mikono hii. Nani ataniletea mwingine?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga mizigo, huu mwepesi mpe yule.

Nikasema, "Mwambie bibi, yeye akikaa kimya, wewe wanakupeleka kwake. Atakufanyaje?"

Akaupapasa mguu wa kushoto wa Sesilia, ule usiowahi kuvunjika. "Mwambie atakulea vizuri. Huyo daktari wa Kasulu ni mtoto, hajazaa. Mguu huu bado haujanyooka. Pole pole utanyooka."

Hapo niliinuka. Nilimchukua mwanangu kwenye mkeka, nikaenda chumbani nikamlaza katikati ya kitanda, nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo kwenye mvua kama mwehu. Nilitukana. Nilitukana Kigogo, ili asielewe. Hata kwenye hasira ile heshima ya mkwe ilikuwa bado imenishika shati.

Eliza aliporudi nilimwambia yote. Alikaa kwenye kiti na jembe mkononi.

"Baba Sesi, ni mama yangu."

"Najua."

"Alinizaa peke yangu. Ukimtaja mbele ya mtendaji, Jumanne Murungu nzima inajua. Sema hujui. Sema labda alilalia mkono."

"Nikisema sijui, wanampa Sesilia yeye. Anasema mguu haujanyooka."

"Nitamkataza."

"Ukimkataza atakusikia, Eliza? Alikusikia lini?"

Aliliegemeza jembe ukutani likaanguka, akaliegemeza tena. Baadaye aliniambia neno moja ambalo limenikosesha raha tangu jana: "Wewe jina lako limeshachafuka. La kwake bado."

Mke wangu. Hata yeye, hesabu yake ni ile ile ya mama yake. Mgeni abebe.

Nimewaza leo kutwa nzima. Nilifika mahali nikasema sawa, nabeba. Nimezoea kubeba. Nilijiona kama mtu mkubwa, kwa dakika tano. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nikibeba, anayelipa si mimi. Ni mguu wa kushoto wa Sesilia. Na nesi yule ataletewa mtoto mwingine mwenye macho ya maziwa, atamwangalia baba mikono na kufunga daftari. Na mama mkwe ataendelea kuamini kwamba kiungo kikilia kimekaa.

Kwa upande mwingine najua vizuri litakalotokea nikisema. Nimeliona kwa baba. Nikisema tu, "Ni bibi alimvuta," watu watajaza wenyewe. Watajaza uchawi. Watasema ana mikono ya kuvunja watoto, watakumbuka kila mchanga aliyekufa akiwa amewahi kumkanda. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajamfanyia mtoto ila mapenzi.

Mapenzi. Nimeliandika na meno yamekaza.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kesho nitasema. Nitasema ni mama mkwe wangu aliyekuwa na mtoto, alimnyoosha kama anavyowanyoosha wote, na mkono ukavunjika. Na kabla mtendaji hajashika kalamu, kwa pumzi ile ile, nitasema hana kosa. Nitawaonyesha macho ya Sesilia, halafu niwaombe waje karibu waangalie na yangu. Nitasema mimi pia nilivunjwa na mtu asiyenivunja, na nilikaa kimya, na ninajua kimya kile kinaua mtu polepole. Nitaomba mtoto abaki kwetu na mtu yeyote asimnyooshe tena. Wakitaka kuja kukagua kila wiki, waje. Kiti kipo.

Nimemwambia Eliza. Ametikisa kichwa, sijui ni ndiyo au ni machozi. Mama mkwe hajatoka jikoni tangu asubuhi, lakini ukuta wa hapa ni wa mabanzi. Amesikia.

Atakuja kesho? Sijui. Asipokuja nitasema hivyo hivyo.

Nikiwa nimeshasema hana kosa, mbele ya watu, kwa mdomo wangu mwenyewe, siku nane zile itabidi nizimeze. Sitakuwa na haki tena ya kumkasirikia hadharani. Na hasira haijapungua hata kidogo. Nimeipima leo mara nyingi, iko pale pale. Sasa niende nayo wapi? Kwa nesi? Kwa polisi? Kwenye kaburi la Mpwapwa ambalo sijawahi kuliona?

Ukungu ndiyo kwanza unapanda. Eliza ananiita nimshike mtoto, maji yamechemka. Kumshika kwenyewe nimejifunza upya wiki hii: hashikwi kwapani, anachotwa kwa viganja viwili vilivyofunguliwa, kimoja chini ya kichwa na mgongo, kingine chini ya makalio, na unasubiri mpaka atulie ndipo unamnyanyua. Kwa mikono kama hii yangu ni kazi ngumu kuliko jiwe.

Naenda.